Taa Baridi na Meno ya Nyumbani

Mgonjwa wangu wa kwanza asubuhi ile, Mama Nanyaro, alinikimbia nikiwa nimeshavaa glavu.

"Daktari, usinielewe vibaya," alisema huku akikusanya kitenge chake na kushuka kwenye kiti. "Nasikia ng'ambo pale kuna picha inayotembea. Unauona mzizi wa jino lako kama unaangalia sinema. Hapa kwako nitaona nini?"

"Hapa utapona, mama."

"Kupona nitakuja kuponea kwako. Acha nikaone kwanza."

Akaenda. Nikabaki na sindano ya ganzi mkononi, nikiangalia foleni iliyoanzia kwenye mlango wa chumba kinachotazamana na changu, ikapita mabenchi yote ya korido na kuishia kwenye mabomba ya kunawia mikono. Juu ya mlango ule waliandika TAA BARIDI kwa herufi za bluu zinazojiwasha zenyewe. Kutoka ndani ilisikika kwaya. Kila mashine ilipoanza kazi, kwaya ya usharika iliyorekodiwa ilianza kuimba ubeti wa kwanza, sauti nne kamili na gitaa la besi, na wagonjwa wa Meru wakatulia kama wako ibadani. Wazo hilo lilikuwa la Elirehema. Mawazo yote mazuri katika kliniki ile yalikuwa ya Elirehema.

Niseme mapema, tusipotezeane muda. Nilikuwa na wivu. Sisemi wivu wa kuguna ukaisha. Nilikuwa nalala nao na kuamka nao. Elirehema Akyoo tulisoma naye darasa moja tangu sekondari pale Usa, karibu na nyumbani, tukasomea meno pamoja, na mchoro wa kwanza wa Taa Baridi tuliuchora wawili nyuma ya kalenda ya zamani, jikoni kwa mama yangu. Alikuwa akija nyumbani mara kwa mara, akinywa chai, mpaka wazee wangu wakaanza kukohoa kwa maana. Kisha akaenda Dar kuuendeleza ule mchoro. Alirudi na mashine, na tuzo, na meno meupe, na mke.

Hayo meno ndiyo yaliyonichoma zaidi. Sisi tuliokulia chini ya Mlima Meru tuna meno ya kahawia. Maji ya chemchemi zetu yana madini ya floraidi mengi kupita kiasi, na mtoto anayeyanywa meno yakiwa bado yanajiumba huota meno yenye mabaka. Si uchafu, wala hakuna mswaki unaoyatoa. Ukifika mjini ukacheka, watu wanajua ulikotoka kabla hujasema jina. Elirehema aliyafunika yake kwa vigae vyembamba vya kauri, jino kwa jino. Siku aliyorudi na kutabasamu mbele yangu sikumtambua mara moja.

Mke wake, Mbuke, alitoka Nzega. Meno yake yalikuwa meupe ya kuzaliwa nayo. Alikuwa fundi wa picha za eksirei, na ndiye aliyeiendesha Taa Baridi tangu ikiwa vipande juu ya meza huko Dar. Nilimchunguza sana nikitafuta kasoro. Alikuwa na moja tu: alicheka na kila mtu, nami nikiwemo.

*

Kabla ya Taa Baridi, kazi yetu ilikuwa na heshima zake. Ukitaka kupiga eksirei ya jino, unamvalisha mgonjwa aproni nzito ya madini ya risasi, unatoka, unasimama nyuma ya ukuta, ndipo unabonyeza. Mionzi yenyewe haionekani wala haichomi. Inapita kwenye shavu na fizi kama mwanga wa jua unavyopita kwenye pazia jepesi, na ikifika kwenye jino na mfupa mingi inazuiwa, na kivuli kinachobaki ndiyo picha. Lakini kuna ile isiyopita wala kuzuiwa. Hiyo inagonga nyama ya mgonjwa na kutawanyika pembeni, hovyo, kumfuata yeyote aliyesimama karibu. Ndiyo maana tulitoka. Ndiyo maana tulivaa beji ya mionzi kifuani, kikaratasi cha njano ndani ya plastiki kinachobadilika rangi kadiri kinavyopigwa.

Picha moja si kitu cha kumtisha mtu mwenye jino linalouma. Mionzi yake ni michache kuliko ile unayopata kutoka ardhini na angani kwa kuishi tu siku nzima. Ubaya uko kwenye kurundika bila sababu. Chembe za mwili zinazogongwa hujirekebisha, nyingine hujirekebisha vibaya, na zile zinazojigawa kwa kasi ndizo zinazoumia kirahisi. Za mtoto. Za mimba.

Taa Baridi ilikuja ikatuambia hayo yamepitwa na wakati. Kitanzi cheupe, ukubwa wa ungo, kinashuka kutoka darini na kuzunguka taya, na picha ya meno yote inasimama hewani mbele ya mgonjwa. Mashine inapima yenyewe, inapunguza yenyewe, na mwisho inaandika kiasi cha mionzi ilichotumia, nacho kilikuwa kidogo hata aibu kukitaja. Basi wakubwa wa Dodoma wakaruhusu kuta za kujikingia zivunjwe na beji ziachwe. Aproni zetu za risasi zilipelekwa nyuma kuzuia turubai la jenereta lisipeperuke.

Mimi beji yangu niliendelea kuivaa. Wenzangu walinicheka. Elirehema alisema nimebaki na funguo za nyumba iliyobomolewa, na watu wakacheka zaidi.

Kwa kuwa sasa hakukuwa na cha kuogopa, Mbuke alianza kuwapakata watoto. Mtoto mwenye jino linalouma huwezi kumwambia atulie, lakini ukimkalisha mapajani na kwaya ikaimba, anatulia. Mbuke alikaa kwenye kiti kile kutwa nzima, akibonyeza kitufe cha mkononi, mtoto akishuka mwingine anapanda. Akina mama walimpenda mpaka wakamletea ndizi na supu ya mtori. Tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana. Koti lake la kazi halikufunga tena vifungo, akaja kuniazima langu.

"Dada Namnyaki, wewe una koti pana. Nisaidie wiki hii tu, fundi ananishonea lingine."

Nilimpa. Nilitabasamu na kumpa, nikasahau beji kifuani pake, huku moyoni nikisema, hata koti! Hakuna nilichobakiza ambacho mwanamke huyu hatakihitaji.

*

Koti lilirudi siku ile ile Mama Nanyaro aliponikimbia. Mbuke alikuwa amelifua na kulipiga pasi, ila beji aliitoa kabla ya kufua na kuirudisha kifuani, mahali pake, huenda bila hata kuiangalia, kwa kuwa beji zilikuwa zimeshaachwa. Nililivaa bila kuangalia. Nilipokwenda kunawa ndipo nikaiona kwenye kioo.

Beji haikuwa ya njano. Ilikuwa ya kahawia, rangi ya chai ya rangi iliyokaa sana jikoni. Katika miaka yangu yote ya eksirei za zamani, ukuta ukiwa unavuja na mashine zikiwa kuukuu, sijawahi kuona beji imefika pale. Tulifundishwa kwamba ikifika rangi hiyo unatoka kwenye chumba kwanza, maswali baadaye.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kucheka. Nilijiona kwenye kioo nikicheka, meno yote nje, ya kahawia na beji ya kahawia. Mashine yake ni ya uongo! Tuzo, herufi za bluu, sherehe ya keshokutwa ambapo wageni kutoka Dodoma wangekuja kutia saini Taa Baridi iwekwe katika kila shule ya nchi, yote uongo! Nilisikia raha ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku aliyorudi.

Kisha nikaangalia beji ilipokaa. Palikuwa kifuani, shubiri moja juu ya tumbo. Wiki ile nzima koti halikuwa langu.

Raha ikaniishia. Nilikwenda ofisini kwa Elirehema nikiwa nimekunja koti mkononi, na kwa kuwa nilikuwa na hasira nilianza vibaya.

"Nilijua," nilisema, hata salamu hakuna. "Nilijua mashine yako ina kasoro."

Alikuwa anajaribu suti ya sherehe. Aliiangalia beji, akaishika kwa ncha za vidole kama leso chafu ya mtu asiyemjua.

"Hii imekaa juani."

"Imekaa kifuani kwa mkeo."

"Namnyaki." Alivuta kiti, akanionyesha nikae, sikukaa. Akafungua picha za asubuhi hewani mbele yangu, mtoto mmoja baada ya mwingine, na chini ya kila picha kiasi cha mionzi. Kidogo, kidogo, kidogo. "Unadhani nisingejua? Mashine hii nimeijaribu kwenye mdomo wangu mwenyewe. Hakuna mtu duniani aliyepigwa na Taa Baridi mara nyingi kuliko mimi. Kila marekebisho, kila usiku kule Dar, nilikaa mimi kwenye kiti. Beji zangu zilibaki njano."

"Basi ipime upya. Mbuke atoke humo ndani mpaka upime."

"Zimebaki siku mbili. Nikisimamisha kazi leo, kesho mji mzima utajua, na keshokutwa hakuna sherehe." Akanitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyoniua. "Tuseme ukweli tu. Huu ni wivu."

"Ni wivu," nilisema. "Na beji ni ya kahawia. Vyote viwili."

"Ukienda kusema huko nje, watasikia kimoja."

Alikuwa sahihi, na alijua kwamba najua. Kliniki nzima ilikuwa inajua habari za chai ya jikoni kwa mama. Ningesimama kwenye korido na kusema mashine ya Elirehema inawaumiza, wangetazamana na kubana midomo. Ningeweza kunyamaza na kupima polepole, kitaalamu, bila hasira, mpaka nipate ushahidi ambao hata mtu mwenye wivu angeaminiwa nao. Lakini kila dakika niliyotumia kujisafisha, Mbuke alikuwa anampakata mtoto mwingine. Na kitu kibaya kuliko vyote, hata mimi sikuwa na hakika na nafsi yangu. Nilikuwa nataka iwe kweli. Mtu anayetaka kitu kiwe kweli anakiona hata mahali kisipokuwepo.

Alinifungulia mlango kwa adabu. Alipotabasamu kuniaga, niliyaangalia yale meno yake, meupe, laini, yenye ukingo safi kama vigae vya bafuni, na nikasimama palepale mlangoni.

"Elirehema, ulipokuwa unajijaribu kule Dar, kauri ulikuwa umeshaweka?"

"Swali gani hilo?"

"Ulikuwa umeweka?"

"Nilianza nayo hiyo. Ungekuwa wewe, ungesimama mbele ya wafadhili na meno ya nyumbani?"

*

Saa ya chakula nilimkuta Mbuke chumbani akila mtori, ameegemea kiti cha wagonjwa. Watu wa foleni walibaki kwenye mabenchi ili wasipoteze nafasi zao.

"Shikamoo, dada. Koti limenisaidia."

"Marahaba. Mbuke, nahitaji kupigwa picha. Wewe uingie chumba cha pembeni, ubonyeze kutokea nyuma ya dirisha la kioo."

Aliweka kijiko chini. Nikamwonyesha beji. Aliitazama, na aliponiinulia macho hayakuwa na ule ucheshi.

"Elirehema amenipigia," alisema. "Ameniambia utakuja. Dada, nikuulize. Unamtaka mume wangu?"

"Nilimtaka."

"Nyumbani anakutaja, anasema Namnyaki angelijua hili, Namnyaki mkono wake hautetemeki. Unafikiri kwa nini nakaa humu kutwa na tumbo hili? Nataka niwe na kitu kimoja humu ndani ambacho anasema ni Mbuke tu anayekiweza."

Nilikuwa nimemwonea wivu mtu aliyekuwa ananionea wivu, na wote wawili tulikuwa tumejifungia kwenye kliniki moja. Ningecheka kama si ile beji iliyokuwa katikati yetu.

"Uliiendesha Dar," nilisema. "Kabla ya kwaya. Ilikuwa inatoa sauti gani?"

"Inalia tik. Picha moja, tik moja. Ndiyo umeme unaingia."

"Wagonjwa wa Dar walikuwa na meno gani?"

Alifikiri. Nikafungua mdomo wangu, nikauvuta mdomo wa juu kwa kidole, aone vizuri. Akaona. Alikuwa fundi hodari, sikuhitaji kumalizia. Mashine ilifundishwa kwamba jino lina uso mmoja na ukingo safi. Ikikutana na mabaka inafanyaje?

"Itadhani mgonjwa ametikisika," alisema polepole. "Itapiga tena. Mpaka ipate picha inayoipenda."

"Na mwisho inaandika kiasi cha picha ipi?"

"Ile moja iliyoichagua." Alikuwa ameshasimama. "Kaa kwenye kiti."

Alitoka mwenyewe, akafunga mlango, nikamwona upande wa pili wa kioo akitafuta kitufe cha kuzima kwaya. Nilikaa. Kitanzi kilishuka, baridi kidogo mashavuni. Kwa mara ya kwanza tangu chumba kile kifunguliwe, mashine ilifanya kazi bila mtu kuiimbia.

Tik.

Nikasubiri, nikimwomba Mungu iishie hapo, na nikimwomba isiishie hapo.

Tik. Tik, tik. Tik, tik, tik, tik, kama mvua ya kwanza juu ya bati, ikaendelea mpaka Mbuke akapiga kioo kwa kiganja na kuizima. Picha yangu ilijitokeza hewani, nzuri, imetulia. Chini yake iliandikwa kiasi kidogo hata aibu kukitaja.

Mlango wa korido ulifunguliwa kwa nguvu. Elirehema, na suti yake ya sherehe.

"Nani amezima kwaya?"

"Kaa," Mbuke alimwambia kupitia spika.

"Mbuke, watu wako nje wanasubiri..."

"Nimesema kaa, Baba."

Nadhani hajawahi kumwita hivyo kabla, mtoto akiwa bado hajazaliwa. Alikaa. Mimi nikatoka, nikasimama na Mbuke nyuma ya kioo. Alibonyeza.

Tik.

Tulisubiri. Hakukuwa na kingine. Kisha Mbuke akarudisha ile milio ya picha zangu iliyobaki kwenye kumbukumbu ya mashine, akaipitisha kwenye spika ya chumba. Elirehema aliisikiliza yote akiwa ameinamisha kichwa ndani ya kile kitanzi. Alipotoka alikuwa amefunga mdomo, kama mtoto anayeficha meno yake mbele ya wageni. Nilimkumbuka sasa. Alikuwa hivyo tulipokuwa sekondari.

"Ni programu," alisema. "Nipeni mwezi, nitairekebisha. Na keshokutwa tuwatafute wagonjwa wa kuonyeshea kutoka mbali. Dodoma mjini, Morogoro. Wenye meno meupe. Wageni wasaini kwanza, halafu..."

"Na walioko nje?" niliuliza.

"Namnyaki, nakuomba. Ukisema wewe, watajua kwa nini umesema."

"Ndiyo. Nimeshafikiria hilo."

Mbuke hakuwa anatusikiliza. Alikuwa anaangalia kiti, mahali alipokaa na watoto. Aligeuka kwangu, na aliniuliza mimi, si mumewe.

"Mtoto wangu ameumia?"

Ningependa kumwambia hapana. Wala wivu wangu wote haukutosha kumtakia ndiyo.

"Sijui," nilisema. "Huenda hana tatizo lolote. Mionzi inayotawanyika ni michache kuliko inayompata mgonjwa, na tumbo liko chini. Leo hii tutakwenda hospitali wapige hesabu kwa beji hii. Lakini kiti hicho hukikalii tena."

"Na wale niliowapakata?"

"Hao watatafutwa mmoja mmoja."

Akachukua koti langu mkononi mwangu, akalivaa, akabandika beji vizuri ionekane. Elirehema alimshika mkono. Aliutoa bila hasira, kama mtu anayeondoa uzi kwenye nguo, akafungua mlango wa korido.

"Mama zangu, baba zangu," alisema. "Mashine hii haiyajui meno ya huku. Inapiga picha nyingi na kutuonyesha moja. Mimi niliiamini, na nina mimba, na hii hapa ndiyo beji niliyovaa. Leo hakuna picha. Mwenye maumivu aende kwa Daktari Namnyaki. Akihitaji eksirei, aproni ziko nyuma kwenye jenereta, tunazileta."

Hakuna aliyeguna wala kubana midomo. Waliitazama beji, wakatazama tumbo, wakainuka. Mmoja alivua kanga yake akamfunga Mbuke mabegani. Ningesema mimi maneno yale yale, kwa beji ile ile, tungebishana mpaka jioni. Yeye aliaminiwa kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Nilisimama nyuma ya mlango nikamwonea wivu upya, wivu mbichi kabisa, na sikuuonea aibu.

Mama Nanyaro alikuwa wa kwanza kurudi chumbani kwangu. Alipanda kwenye kiti, akatandaza kitenge, akanitazama nikivaa glavu.

"Wanasema ni wewe uliyegundua," alisema. "Mashine iliyowadanganya wakubwa wote wale. Wewe ulijuaje?"

"Kwa wivu, mama," nilisema. "Fungua mdomo."